Kaptura Iliyotikisa Sydney

Hebu mtazame kijana huyu, msomaji. Nywele ndefu za rangi ya dhahabu zinamfika mabegani, njumu zake ni nyeupe pepepe, na kaptura imembana na kufupika kiasi cha kuwafanya wazee wetu wainamishe nyuso. Huyo ni Warwick Capper, mwanakandanda wa Australia aliyevuma miaka ya 80 akiichezea Sydney Swans.

Kandanda yao si hii yetu. Uwanja umeviringika kama yai, kila timu ina wachezaji 18, na mpira hudakwa kwa mikono. Goli lina milingoti minne. Ukiupitisha mpira kati ya ile miwili ya katikati unapata alama sita. Ukipita pembeni, moja tu. Anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali, kabla haujagusa chini, hupewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo maana wanaruka vile, wengine wakikwea mabega ya wapinzani kama ngazi. Mwaka 1987 Capper alimparamia mlinzi wa Hawthorn, na mdako ule ukatajwa kuwa bora zaidi mwaka huo.

Swans walikuwa wamehamia Sydney kutoka Melbourne mwaka 1982, na Sydney ni mji wa raga. Walihitaji watazamaji kwa udi na uvumba. Daktari tajiri, Geoffrey Edelsten, alipoichukua klabu mwaka 1985, mbwembwe zikazidi. Capper mwenyewe akatoa santuri. Waliokuja kucheka kaptura walibaki kuhesabu magoli: 92 mwaka 1986, na 103 mwaka 1987.

Kisha pesa zikaita. Brisbane Bears, klabu changa iliyoanza mwaka 1987, ilimpa kitita naye akaenda. Kwa Swans alifunga magoli 317 katika mechi 90. Kule Brisbane, katika misimu mitatu, alifunga 71 katika mechi 34. Mwaka 1990 Bears walishika mkia.

Wengi husema alilewa umaarufu. Mimi sikubali. Kaptura ilikuwa ile ile, nywele zile zile. Kilichokosekana ni watu kama Greg Williams na Gerard Healy, viungo wa Swans waliokuwa wakimlisha mipira. Mfungaji hali chakula asichopakuliwa.

Nayasema haya kwa sababu nyumbani mwetu kuna barua mezani. Mwana wa kaka yangu yuko kidato cha tatu na ni mshambulizi hodari, ingawa zile soksi zake za waridi hunitia haya. Shule nyingine inamtaka. Itamlipia karo yote. Kaka yangu hana kazi tangu Januari, na tangu barua ifike yeye na mkewe wanaongea kwa kukatana maneno: mama anaona mwana atapotea, baba anaona karo.

"Shangazi, hapa nafukuzwa karo kila muhula," kijana aliniambia. "Kule nitasoma hadi mwisho."

Ningemjibu nini? Nilimsimulia habari za Capper: alivyorejea Sydney mwaka 1991, akamkuta Healy ameshastaafu, na huo ukawa msimu wake wa mwisho katika ligi kuu, akiwa na umri wa miaka 28. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza huyo Mwaustralia alilipwa pesa ngapi.

Jumamosi ijayo tutakwenda watatu, yeye, babake na mimi, kuitazama shule hiyo ikicheza. Nimemwomba asihangaike na jezi zao mpya. Amtafute aliye katikati ya uwanja, aone kama anajua kupiga pasi. Babake ameniambia waziwazi kwamba yeye atakwenda kumtafuta mwalimu mkuu, amwonyeshe madarasa.