Msambweni na Karai la Samaki

Mtu atokaye Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni na kushika njia kuu iendayo Lungalunga, hupita Ukunda, kisha huendelea katikati ya minazi na mikanju hata akafika Msambweni, yapata kilomita 50 kutoka kivukoni. Wageni wengi huishia Diani, kwa kuwa ndiko kwenye mahoteli makubwa. Lakini apendaye samaki hapati hasara akiendelea na safari, maana Msambweni samaki huliwa karibu na mahali alipovuliwa, tena kwa bei ya mtu wa kawaida.

Wenyeji wengi wa hapo ni Wadigo, watu wa shamba na bahari. Chakula chao hufuata upepo. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba hata Machi, bahari hutulia. Vyombo huweza kutoka nje ya mwamba, na wavuvi kutoka Pemba huja kuvua katika pwani hii. Hapo ndipo nguru na jodari waonekanapo kwa wingi. Kusi ivumapo, bahari huchafuka, na wenye ngalawa na mitumbwi hubaki ndani ya mwamba wakitega malema na kutupa mishipi, wakipata tafi, pono na changu. Kwa hiyo mlaji mwenye busara haulizi anachokitamani, bali huuliza bahari imetoa nini leo. Mchagua nazi hupata koroma.

Katika mikahawa midogo mtu hupewa wali wa nazi na mchuzi wa samaki, au pweza aliyepikwa kwa tui mpaka akalainika, au changu wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa huku akipakwa tui zito lenye ndimu na pilipili. Lakini penye watu wengi na maneno mengi ni kando ya njia, jua linapotua, mama karanga wawekapo makarai yao motoni. Hilo ndilo jina la wanawake wakaangao samaki wa kuuza katika pwani hii.

Kazi yao yataka ujuzi. Samaki huparuliwa magamba, hutolewa matumbo, huchanjwa ubavuni na kutiwa chumvi, kisha hukaangwa kwa mafuta mengi hata akakauka. Tafi hushikwa kwa hadhari, kwa sababu miiba yake ina sumu. Samaki aliyekaangwa vema hukaa mpaka asubuhi pasipo barafu, na hii ndiyo faida kubwa kwa mtu asiye na friji. Wateja husongamana: mwalimu, utingo wa matatu, mtoto aliyetumwa na nyanyake. "Mama, nipe tafi wawili." "Tafi wamekwisha, mwanangu; chukua pono, angali moto." Naye hufungiwa karatasini pamoja na mhogo na pilipili.

Chakula cha namna hii si cha kudharauliwa. Huko San Francisco, Marekani, wavuvi wa Kitaliani walikuwa wakipika pamoja mabaki ya samaki wao katika chungu kimoja. Leo mchuzi huo, uitwao cioppino, huuzwa kwa bei kubwa katika mikahawa mashuhuri.

Hata hivyo karai la mama karanga lina mashaka yake. Vyombo vifikapo pwani, mnunuzi wa kwanza mara nyingi ni tajiri, mwenye mtaji na barafu, ambaye pengine ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu. Samaki wakubwa, na pweza pia, huenda mahotelini, Mombasa, na hata ng'ambo. Mama karanga, mwenye fedha za siku moja tu, hununua wadogo waliobaki. Wadogo hao wengi walikuwa wakiletwa na juya, wavu ukokotwao mpaka ufuoni, ambao hukusanya hata samaki wachanga. Serikali ya Kenya ililipiga juya marufuku mwaka 2001. Palipo na juya, karai hujaa leo na bahari huwa tupu kesho. Palipoondolewa juya, bahari hupumzika, lakini mjane mwenye watoto hulala bila kuuza kitu. Pande zote mbili zina haki yao.

Tangu kanuni za mwaka 2007, wavuvi na wafanya biashara ya samaki wana vikundi vyao vya kusimamia fuo. Yafaa mama karanga wakae katika mabaraza hayo na kusema, wala wasiwe wasikilizaji tu. Yafaa pia wakopeshane mtaji kwa chama, ili wapate kununua samaki aliyekomaa kabla tajiri hajamaliza. Samaki mchanga aachwapo baharini leo, atarudi karaini akiwa mkubwa. Naye mgeni apitaye Msambweni jioni, na asimame, anunue, na ale. Fedha yake itabaki papo hapo kijijini.