Kuzunguka Idjwi Bila Haraka



Ziko safari za majini ambazo watu huzilipia ghali ili mwishowe washukie palepale walipopandia. Katika nchi ya Ugiriki, yenye visiwa maelfu, safari hizo ni biashara kubwa ya majira ya joto. Familia moja, au kundi la marafiki, hukodi chombo cha anasa pamoja na nahodha wake. Huzunguka kisiwa kama Korfu au Santorini, huogelea katika ghuba ndogo, hula chakula cha mchana juu ya maji, na jioni hurudi bandarini bila kuwa wameuza wala kununua kitu. Picha zake mmeziona katika simu zenu, nasi tumeziona. Mara nyingi tukiziona hucheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya wenye mali. Sisi wa Ngungu tuna viazi vya kuvuna.

Hata hivyo, kisiwa tunacho. Mtu akisimama kwenye milima inayoteremkia Minova, siku ya anga safi, huona Ziwa Kivu limetandazwa chini yake, na ndani ya ziwa huona Idjwi. Ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa yote ya Afrika, baada ya Ukerewe cha Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,700, na kina chake hufika karibu mita 480. Halina mamba wala viboko. Lakini wengi wetu huliona kama barabara tu: ya kupeleka maharagwe Goma, ya kumpeleka mgonjwa Bukavu, ya kukimbilia vita vinapofika. Hatujazoea kulitazama kwa ajili ya kulitazama.

Mwezi wa Agosti 2019, wakati wa kiangazi, sisi tisa wa kikundi kimoja tuliamua kulitazama. Kwa muda wa mwaka mmoja tulikuwa tumeweka akiba kutokana na viazi na maziwa, kila mmoja dola 25, na sehemu kubwa ya fedha hizo ingekwenda kwenye mafuta ya injini. Mzee mmoja wa parokia alituuliza, kwa upole, tunakwenda kufanya nini. Tulimjibu kwamba tunakwenda kuzunguka. Akauliza tena: kuzunguka, halafu? Hatukuwa na jibu jingine. Mmoja wetu tu ndiye aliyemkumbusha kwamba katika Injili ya Marko, sura ya sita, Bwana aliwaona mitume wamechoka kwa sababu ya wingi wa watu, akawaambia waende mahali pa faragha wapumzike, nao walikwenda kwa mashua. Mzee akacheka, akasema: «Basi someni mpaka mwisho. Walipofika huko walikuta watu wanawangoja.»

Tuliteremka hadi Minova, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. Boti tuliyoikodi ilikuwa ya mbao, yenye injini moja, mabenchi manne, na turubai la kukinga jua. Ilikuwa na nafasi kumi na mbili. Kabla ya kutia mafuta, nahodha alituhesabu sisi, kisha akahesabu majaketi ya kuokolea maisha, kisha akatuhesabu tena. Alikuwa na masharti matatu: kila mmoja avae jaketi lake na kulifunga, mtu asisimame boti ikienda, na yeye akisema turudi, turudi, hata kama fedha imekwisha kulipwa. Halafu akaongeza jambo ambalo hatukulitazamia. «Nanyi, wanangu, mkiogopa, semeni. Kwa siku hizi mbili boti ni yenu. Mkisema turudi, nitarudi.»

Siku ya kwanza tulipita upande wa mashariki, milima ya Rwanda ikiwa kushoto kwetu na Idjwi kuume. Kutoka mbali kisiwa huonekana kama mlima mmoja tu. Ukikaribia unaona kwamba kila bonde lina watu wake. Tuliona migomba ikishuka hadi majini, mashamba ya mihogo yaliyosimama kwenye miteremko mikali, mibuni, watoto waliotupungia mikono, na akina mama wakifua nguo juu ya mawe. Nahodha alizima injini katika ghuba moja iliyotulia, nasi tukaogelea, kila mmoja akiwa na jaketi lake, tukipiga kelele kama watoto wa shule ya msingi. Wengine kati yetu, waliozaliwa mahali ambapo ziwa huonekana, hawakuwa wamewahi kuingia ndani yake kupita magoti.

Katika njia hiyohiyo nahodha alitusimulia habari ya kahawa. Kwa miaka mingi wakulima wa Idjwi, kwa kukosa soko zuri na kwa kukwepa ushuru mzito, walivusha kahawa yao usiku kwenda Rwanda kwa pirogi ndogo. Wengi walizama kwa sababu ya mzigo na mawimbi, wakaacha wajane na mayatima. Tulitazama maji yale tuliyokuwa tumeogelea muda mfupi uliopita. Hayakuwa yamebadilika, bali sisi tulinyamaza.

Usiku tulilala kisiwani, nyumbani kwa jamaa za nahodha. Kulipoingia giza tuliona taa za wavuvi, safu kwa safu, kama kijiji kilichohamia majini. Wavuvi hao hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, huwasha taa ili kuwavuta samaki, na huimba wanapopiga kasia. Wanachovua ni sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 na ambaye leo huonekana katika kila soko letu. Tulikaa ufukweni tukisikiliza nyimbo zao hadi usingizi ulipotushinda. Hakuna aliyeuliza saa ngapi.

Siku ya pili, tukipanda upande wa magharibi, upepo ulianza kuvuma kabla ya adhuhuri na ziwa likabadilika rangi. Mmoja wetu, msichana mwenye haya, alisema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa. Nahodha hakumcheka wala hakumpa moyo kwa maneno mengi. Aligeuza boti, akaiingiza katika ghuba, akaifunga kwenye mti. Tulikaa hapo saa tatu. Tukiwa hapo tuliona boti kubwa ya abiria ikipita katikati ya mawimbi, watu wameketi juu ya magunia, wengine wameshika kingo. Tulijiuliza: ndani ya ile, nani angeweza kusema anaogopa? Abiria mmoja akiomba kurudi, mia moja watamwambia kwamba soko linafungwa.

Upepo ulipotulia, tulikuta watu saba wanatungoja kwenye gati dogo la mawe. Tulimkumbuka yule mzee. Wote walitaka kufika Minova. Kati yao alikuwemo mama mwenye mtoto aliyekuwa na homa, na babu mmoja mwenye kikapu. Nahodha alitutazama, kwa kuwa boti ilikuwa yetu. Tulikubali mara moja, tena kwa furaha, tukasema wapande wote. Yeye akasema: «Nafasi ni tatu.» Akapanda mama, akapanda mtoto, kwani mtoto naye ni mtu na huhesabiwa, akapanda babu. Kijana mmoja aliomba akae chini, miguuni petu, akaahidi kulipa mara mbili. Nahodha alimjibu: «Ndugu, nafasi hainunuliwi. Ama ipo, ama haipo.» Wanne wakabaki kungoja chombo kingine. Tuliondoka tukiwa na uchungu, na tulifika sote.

Tumelifikiri jambo hilo kwa miaka mingi, hasa tangu mwaka 2024. Mwanzoni mwa mwaka huo vita vilifunga barabara ya kutoka Minova kwenda Goma kupitia Sake. Watu wa milima yetu, pamoja na vyakula vyao, wakalazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyoitwa Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama. Gavana wa Kivu Kusini alisema siku hiyo kwamba ndani yake walikuwamo watu 278, na kwamba waliokufa walikuwa angalau 78. Boti ilikuwa imejazwa kupita kiasi.

Wapendwa, fungueni kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mtume Paulo naye alisafiri kati ya visiwa vya Wagiriki, ila alisafiri kama mfungwa. Chombo chake kilitia nanga Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, majira mabaya yakiwa yamekaribia. Paulo alishauri wasiondoke. Lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye chombo kuliko Paulo, wakang'oa nanga, na tufani ikawapata. Ndani ya chombo walikuwamo watu 276. Kwa idadi wanapungua wawili tu kwa wale wa Merdi. Chombo kilivunjika kisiwani Malta, lakini watu wote walifika nchi kavu.

Tusidhani kwamba wale wa Malta walipendwa na Mungu kuliko ndugu zetu wa Kituku, au kwamba waliomba vizuri zaidi. Katika boti ile ya Oktoba, hapana shaka, kulikuwa na rozari nyingi. Tunachokiona katika kisa cha Paulo ni kwamba hatari ilianza bandarini, kabla ya upepo, pale aliyesema tungoje aliposikilizwa kuliko wote kwa uchache.

Hapo ndipo tulipofahamu ni kitu gani hasa wenye mali hununua wanapokodi chombo chao wenyewe katika bahari ya Ugiriki. Tulidhani wananunua viti laini na vinywaji baridi. La, hivyo ni mapambo. Wanachonunua ni haki ya kusema «leo hapana». Upepo wa kaskazini unaovuma huko Julai na Agosti ukizidi, nahodha hubadili njia au hubaki bandarini, na hakuna anayepoteza chakula cha watoto wake. Wakuu wa bandari nao huzuia vyombo kuondoka upepo ukipita kiwango, tajiri na maskini sawasawa. Idadi ya watu inajulikana. Kila mmoja ana jaketi lake. Hayo ndiyo tuliyoyaonja kwa dola 25 katika boti ya mbao, na hayakuwa anasa hata kidogo. Ndiyo anayostahili kila mama anayekwenda Kituku na magunia yake ya maharagwe.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba safari yetu ilikuwa upotevu wa fedha. Mtu ambaye hajawahi kusafiri bila hofu hajui la kudai. Atafikiri kwamba kushika ukingo wa boti na kufumba macho ndiko kusafiri. Sisi tulikaa siku mbili juu ya maji yaleyale, tukahesabiwa, tukasikilizwa, tukangoja. Tangu hapo hatuwezi tena kuita msongamano majaliwa.

Hata hivyo hatumlaumu abiria. Yule kijana wa gatini aliyetaka kukaa miguuni petu hakuwa mjinga. Alikuwa na haja. Barabara ikifungwa, haja ya watu wengi humiminika katika mlango mmoja mwembamba. Anayeweza kumpa mtu huyo haki ya kungoja ni yule anayefungua barabara, yule anayehesabu watu bandarini bila kupokea hongo, yule mwenye chombo anayekubali kuondoka na faida ndogo, na pia sisi, tunapoacha kumzomea anayesema kwamba boti imejaa.

Wale tisa leo tumetawanyika. Vita vimewapeleka wengine Goma, wengine Bukavu, wengine kambini. Tunapowasiliana, jambo la kwanza tunalokumbushana si ghuba wala taa za wavuvi. Ni ile sauti ndogo iliyosema «naogopa», na boti iliyogeuka.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika safari zenu, ni nani huamua kwamba chombo kimejaa? Je, mmewahi kumsikia mtu akikataa nafasi?

2. Someni Matendo ya Mitume 27, aya ya 9 hadi ya 12. Kwa nini akida alimsikiliza mwenye chombo?

3. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili kila anayesafiri kutoka parokia yenu awe na jaketi la kuokolea maisha?