Barua Tuliyoombwa Kuandika

Katika utumishi wetu tumeandika barua nyingi: za vijana watafutao kazi ya ulinzi, za wajane wanaodai haki za marehemu waume zao, za wachumba wanaohamia parokia nyingine. Zote zilifanana. “Twamfahamu, ana adabu, anatoka katika jamaa nzuri.” Sisi tulisomea ualimu, nasi tulijua kwamba maneno hayo hayasemi kitu. Lakini hayakumdhuru mtu, tukaendelea kuyaandika.

Mwezi wa Aprili mwaka jana, maabara moja ya hapa mjini ilitangaza kwamba itapokea wanafunzi wanne wa mwaka wa tano wa sekondari kwa majuma sita ya mapumziko marefu, washiriki katika utafiti wa udongo na mimea. Habari hiyo ilikuwa ngeni kwetu. Kule Kilifi, katika pwani ya Kenya, si ngeni: kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza kazi mwaka 1989, kina mpango wa kuwapokea vijana wa kaunti hiyo waliomaliza sekondari na kufaulu vizuri, wakae miezi michache kati ya watafiti. Hapa kwetu mtoto huisubiri maabara mpaka afike chuo kikuu, na pengine hata huko huiona kwanza imechorwa ubaoni.

Watoto tisa wa parokia yetu wakaja na karatasi zao. Walitakiwa kupeleka buletini, ukurasa mmoja walioandika wenyewe juu ya swali linalowasumbua, na barua ya mtu mzima anayewafahamu, asiye mzazi wao.

Barua hiyo ndiyo iliyotushinda. Fomu haikuuliza habari za adabu. Iliuliza: je, umepata kumwona mwombaji akigundua kwamba amekosea, naye alifanya nini? Tulikaa na kalamu mkononi hata taa ikazimika, maana umeme ulikatika kama kawaida yake. Watoto hao tumewafundisha miaka mingi, wengine tangu Komunyo ya kwanza, na hatukuweza kumjibia hata mmoja wao. Si kwamba hawakosei. Ni kwamba hatukuwapa nafasi ya kukosea, isipokuwa kwa kusahau. Katika mafundisho tunauliza, nao wanaturudishia yale tuliyowaambia. Na shuleni, ambako tumefundisha kemia, hatukufanya tofauti. Mtoto alijua kwamba alama ya shaba ni Cu, na hakuna aliyemwambia autazame udongo anaoukanyaga. Haya yalitendeka Lubumbashi, mji uliozaliwa na shaba!

Kurasa walizotuletea zilitupa aibu ile ile. Saba kati ya tisa zilihusu saratani na safari za mwezini, kwa Kifaransa kizuri ambacho hakikuwa chao.

Tulikuwa na majuma matatu. Jumamosi iliyofuata tuliwapeleka upande wa Penga Penga, ambako upepo ulisukuma moshi wa tanuru za shaba tangu zilipowashwa mwaka 1911. Huko kuna mahali ambapo ardhi ni tupu, haina mti, na majani yake ni machache. Katika utupu huo tuliona mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Wataalamu wauita Haumaniastrum katangense, na wengi wauita ua la shaba. Hustahimili udongo ambao ungeua mimea mingine, hata wachimbuaji wa mambo ya kale waliufuata ili kupata mahali ambapo wazee wetu waliyeyushia shaba ya ile misalaba iliyowekwa leo katika makumbusho ya mji. Hatukuwaambia watoto hayo yote siku ile. Tuliwauliza tu: kwa nini hapa ni patupu? Tukawakataza kujibu kabla ya kujaribu.

Kila mmoja alipanda maharagwe katika makopo mawili, moja la udongo wa bustani ya parokia, moja la udongo wa kule. (Udongo huo tuliuchota sisi wenyewe kwa glavu, wala hakuna aliyeondoka bila kunawa.) Binti mmoja, mtoto wa mama muuza mkate, alisema kwa uhakika kwamba tatizo ni maji: ardhi tupu hukaushwa na jua. Akalimwagilia kopo la pili mara mbili zaidi. Maharagwe yakaota katika makopo yote, naye akafurahi. Siku ya kumi yale ya kopo la pili yakadumaa. Alipoyang'oa akakuta mizizi mifupi, ya kahawia, kama iliyochomwa. Aliitazama muda mrefu.

“Baba Mwalimu, nilikosea. Lakini bado sijui kwa nini.”

Kesho yake alikuja na kopo la tatu, lenye udongo ule ule uliochanganywa na mbolea ya kuku wa bibi yake. Hatukumtuma.

Kijana mwingine, mwenye alama za juu kuliko wote, tulimkuta akinakili vipimo vya mwenzake, kwa kuwa maharagwe yake yaliliwa na panya naye aliogopa kusema. Tulipomwuliza, alikiri, akapanda upya. Tuliyaandika hayo katika barua yake. Baba yake akaja nyumbani kwetu usiku, kwa heshima lakini kwa uchungu. “Mwalimu, wewe ni mzazi kama mimi. Andika kwamba ana adabu, basi. Kwa nini umwaibishe mtoto?” Hatukuwa na jibu zuri. Ilitubidi kujiuliza kama ukweli huo ulikuwa wetu kuutoa, na kama tungemwandikia hivyo mtoto wetu wenyewe. Tukampa barua, tukamwambia kwamba mwenye kuamua ni kijana. Kijana aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

“Baba, iache hivyo.”

Majibu yalifika mwisho wa Juni, baridi ya asubuhi ikiwa imeanza. Kati ya wetu tisa alipokelewa mmoja, ndiye kijana huyo. Binti wa kopo la tatu hakupokelewa, wala hakuelezwa sababu. Tulikwenda kwao tukiwa tumetayarisha maneno ya faraja, tukamkuta akipanga mikate kwenye beseni. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuomba ufunguo wa stoo ya parokia: siku hiyo hakuna aliyemwagilia, na kopo lake lilikuwa limefikia sentimeta 19.