Kiitikio cha "Amina"

Nafundisha fasihi ya Kiswahili kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka shairi ninalolingoja kwa hamu ni "Amina" la Shaaban Robert, alilomtungia mkewe aliyefariki. Wanafunzi hulipokea kwa mazoea waliyokuja nayo: kila ubeti una mishororo minne, basi ni tarbia, mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, vina vipo, mshororo wa mwisho ni kiitikio. Wakimaliza hapo wanaruka mstari, wanaandika "Toni: huzuni", wanafunga daftari.

Hakuna walichokosea. Ila fani wameiweka huku na hisia kule, na shairi lenyewe halijaguswa.

Mimi huanza na sauti. Ubeti unasomwa mara mbili, mara ya pili mkono ukipiga mizani juu ya dawati. Hata asiyejua istilahi husikia pumzi ikitua baada ya mizani ya nane. Aliyefiwa hulia bila mpangilio. Huyu analia kwa hesabu. Kwa nini mwenye uchungu kiasi hicho ajifunge na kanuni zote hizi? Jibu la "ili kuleta mahadhi" silipokei. Naamini kanuni ndizo zilizompa nguvu ya kusema. Bila kipimo hicho huenda asingeuvuka ubeti wa kwanza.

Halafu nauliza anasema na nani. Hasimulii habari za Amina. Anamwita kwa jina na kuzungumza naye, nafsi ya pili, kana kwamba anasikia.

Kiitikio ndicho kinachonikalisha muda mrefu kuliko vyote. Mishororo inayokitangulia inakiri: mke ametangulia, dua hazikumponya, Mungu amemchukua. Baada ya kila kukiri, mshororo uleule unarudi, haukubadilika, ukishikilia kwamba pendo lao hakuna awezaye kulivunja. Mara ya kwanza ni maombolezo. Ukirudi tena baada ya mshairi kukubali mengi zaidi, umeshakuwa kiapo. Maneno ni yaleyale. Uzito unatoka kwenye yale yaliyosemwa kabla yake. Hapo umbo la shairi ndilo hisia yake, na mwanafunzi akilisikia hilo hawezi tena kuandika "huzuni" peke yake. Huandika "uthabiti", au "huzuni isiyokubali kushindwa". Mmoja aliwahi kuandika "ukaidi wa mapenzi", nami nikampa alama zote. Ninachodai ni aoneshe mshororo uliomfikisha kwenye neno hilo.

Kipindi kinachofuata nawapa shairi la kubembeleza, la mtu anayemtaka mpenzi aliye hai, bahari hiyohiyo na mizani zilezile 16. Wanapiga tena madawati, na safari hii kazi yao ni kunieleza ashiki imetokea wapi.