Msikiti wa Mawe na Msikiti wa Mabati



Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu hapa Vurra kuwa msikiti wetu wa mabati unatutia aibu. Kisha Mola akanijaalia kufika Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331, akawasifu watu wake kwa dini na Sultani wake kwa ukarimu. Wareno waliuteka mwaka 1505. Msikiti Mkuu ungali na nguzo na kuba za mawe ya matumbawe, lakini sikukuta safu hata moja. Nikawakumbuka watoto wetu wanavyobanana kwenye mikeka alfajiri. Niliporudi niliwaomba radhi. Mawe hayasali, ndugu zangu, tuwalete watoto.