Achana na bichi, panda Sanje ukaoge maji ya mlimani!

Kila wikiendi ni yale yale: bichi, nyama choma, muziki mpaka majogoo, halafu Jumatatu kichwa kinagonga na mfuko umetoboka. Sikatai, starehe ni starehe. Lakini jamani, mtoto wa mjini mwenye miguu yake miwili mizima anafikaje miaka thelathini hajawahi kusimama chini ya maporomoko ya Sanje? Wazungu wanavuka bahari kuja kuyaona, wewe wa Dar unayajulia kwenye kalenda ya ukutani!

Sanje ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Kufika si kesi. Unapanda basi la Ifakara, likifika Mikumi linaacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea Kidatu kwenye mashamba ya miwa, unashuka Mang'ula, kilometa kama 60 toka Mikumi mjini. Ofisi za hifadhi zipo hapo hapo. Wapenzi wa treni, TAZARA nayo inapita Mang'ula, ila ulizia ratiba kabla hujafunga begi.

Sasa sikiliza: huku hakuna mambo ya kukaa kwenye gari na kutoa kichwa dirishani kumtafuta simba. Barabara za magari hamna, kuna njia za miguu tu. Mnapewa mwongozaji, mnarudi kilometa kama kumi hadi kijiji cha Sanje, na hapo kazi inaanza. Ni kupanda. Mzunguko mzima unakula kama saa nne, na wale wa "mimi nafanya mazoezi kila siku" ndio huwa wa kwanza kuuliza bado mbali kiasi gani.

Ukifika, utasahau. Maji yanashuka kwa ngazi tatu, jumla mita 170 hivi, yaani kama jengo la ghorofa hamsini. Kuna vidimbwi vya kuogelea, maji ya baridi kiasi kwamba unapiga kelele bila aibu. Juu kabisa unaliona bonde la Kilombero lote limelala chini, miwa kijani mpaka macho yanachoka. Kama muda ni mfinyu, yapo maporomoko madogo ya Prince Bernhard, mwendo mfupi tu toka lango la Mang'ula. Mazuri, ila tusidanganyane, Sanje ndio mwenyewe.

Njiani usipige soga sana, utawakosa wenye nyumba. Kuna mbega wekundu, na kuna ngolaga. Huyu ana kisa. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia mlio msituni wasiuelewe. Kumbe ni nyani ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa, wakati wenyeji walishampa jina siku nyingi! Vitabuni leo anaitwa kwa jina la Sanje, na dunia nzima hapatikani porini nje ya milima hii.

Maji haya usiyachukulie poa. Kwenye milima hii hii ya Udzungwa, nje ya hifadhi, kuna Kihansi. Nayo ilikuwa na maporomoko ya nguvu, na kwenye mvuke wake wakaonekana mwaka 1996 vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, hawapo kwingine kokote. Miaka michache baadaye mto ukazibwa kwa ajili ya umeme, maji mengi yakaingia kwenye mitambo, mvuke ukakata. Vyura kama 500 walipandishwa ndege mwaka 2000 kwenda Marekani kulelewa, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Uzao wao ulianza kurudishwa bondeni mwaka 2012, tena ilibidi bomba zifungwe za kunyunyiza maji kwenye majani, kazi ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bure. Umeme tunautaka wote, hata hiyo disko inaucheza. Ila Sanje maji bado yanaanguka yenyewe, bila bomba, na ndio sababu nyingine nakwambia nenda.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika yanakuwa na kishindo zaidi lakini njia inateleza kama ina sabuni, na mawe ya kule hayajali wewe ni nani mjini. Vaa raba zenye meno, dada zangu sendo za mtoko ziacheni gesti. Beba maji, nguo ya kubadili, na chakula kwenye mfuko utakaorudi nao. Na kitambulisho usisahau: Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni, sasa ukishindwa kujitambulisha hapo langoni, shauri yako.