Shikiza Kwanza

Geti la kwanza nililolichomelea kwa mkono wangu lilitoka limepinda. Nilikuwa nimepima kila bomba, nimekata kila kipande kwa urefu wake, nimepanga fremu chini kwenye karakana ya mjomba wangu, nyuma ya nyumba yake pale Mandewa, mjini Singida. Kwa macho kila pembe ilikuwa imekaa sawa. Nikaanza na pembe ya kushoto, nikaichomelea mzunguko mzima mpaka nikaridhika, ndipo nikahamia ya pili. Nilipofika ya nne, bomba la mwisho halikumfikia mwenzake. Lilibaki pengo la kuingia kidole.

Mjomba alitoka ndani na kikombe cha chai mkononi. Hakusema kitu. Akachukua tepu, akapima kutoka pembe moja hadi ile ya kukingama nayo, kisha akapima pembe mbili zilizobaki. Ni kipimo anachokijua kila fundi: vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa, visipolingana, umejenga mshazari. Vyangu vilipishana sentimita mbili na nusu.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa tunaitana jina moja, "chuma hiki hakina kosa. Wewe umemaliza upande mmoja kabla hujausikia wa pili."

Siku ile nilidhani ananifundisha geti.

Kijiti cha kuchomelea kikishaguswa kwenye chuma, moto unaowaka pale nchani unapita nyuzi 5,000 za Selsiasi, na chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kilichoyeyuka kikipoa hunywea, na kikinywea huvuta chochote kilichoshikana nacho. Ukimaliza pembe moja peke yake, umeipa nguvu ya kuzivuta zote tatu zilizobaki, na mkono wa mtu hauwezi kushindana na mvuto huo. Ndiyo sababu fundi hushikiza kwanza. Anapiga nukta ndogo ya moto kila pembe, kiasi cha kuzuia vipande visiachane. Halafu anapima. Akikuta kosa, pigo moja la nyundo linatosha kulirudisha. Baada ya hapo anachomelea kidogo hapa, anaruka kwenda pembe ya mkabala, kidogo pale, mpaka mvuto wa upande huu ukutane na mvuto wa upande ule.

Busara hiyo ni ya zamani kuliko mashine zetu. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaishikiza kwa bolti tu ili waone kama kila bamba linakubaliana na mwenzake. Waliporidhika wakaifungua yote, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri baharini hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati kuelekea Kigoma. Masanduku hayo yalipita Manyoni na Itigi, katika ardhi ambayo leo ni mkoa wetu. Ni kule Kigoma ndipo vipande vilipigiliwa ribiti za kudumu, na meli ikashushwa majini mwaka 1915. Ndiyo hiyo tunayoiita Liemba, iliyokuja kuzamishwa vitani, ikaopolewa, ikalitumikia Ziwa Tanganyika kizazi baada ya kizazi. Kila ninapoifikiria, nawaona mafundi wale wakifungua kwa mikono yao kitu walichokwisha kukiunda, kwa sababu wakati wa kukaza ulikuwa haujafika.

Mimi katika nyumba yetu nilikaza mapema.

Baba alipofariki alituacha watoto watatu na shamba la alizeti huko Ikungi. Haukupita mwaka, kaka akanipigia simu usiku: dada amekodisha kipande cha shamba, pesa amekula, sisi hatukuambiwa. Niliwaka. Sikumpigia dada. Nilikaa kitandani nikamwandikia ujumbe mrefu, maneno ambayo mdogo hamwambii dada yake, nikautuma, nikalala nikijiona nimemtetea marehemu baba.

Mtu aliyewahi kuchomelea bila ngao ya uso atanielewa. Mwanga ule haukuumizi pale pale. Unafanya kazi, unacheka na wenzako, unarudi nyumbani. Saa kadhaa baadaye, usiku, ndipo macho yanapoanza kuchoma kana kwamba yamejazwa mchanga, na hapo huwezi tena kuurudisha mchana. Mimi usiku wangu ulikuja baada ya wiki tatu, shangazi aliponieleza kwamba ile kodi ya shamba ndiyo iliyoanza kulipa deni la matibabu ya baba. Dada alilibeba peke yake kwa sababu alijua kaka hana kazi na mimi nina mtoto mchanga. Hakutaka tuone haya.

Dada hakunijibu. Ikapita miaka miwili. Kwenye misiba tulikaa jamvi moja, kila mtu akiangalia kwingine.

Kuhusu geti langu, mjomba aliniamuru nikate viungo vyote na kuanza upya. Nikashika grainda, cheche zikaruka mpaka kwenye ukuta wa mabati aliouzungushia karakana kwa ajili ya upepo. Singida ni mji wa upepo, hasa mchana ukipanda, na upepo ukipeperusha moshi wa kijiti, hewa huingia kwenye chuma kilicholainika na kiungo kinabaki na vitundu ndani. Nilipomaliza kukata nikavirudisha vipande chini. Vyote vilikuwa vimepungua. Diski nene ya kukatia hula karibu milimita tatu kila inapopita, na mimi nilikuwa nimepita mara mbili kila pembe. Ilibidi niongeze viraka. Geti lile lilisimama, linafunga na kufunguka, lakini ukipitisha kiganja kwenye pembe zake unasikia mahali nilipokosea.

Nilipitisha kiganja changu hapo mara nyingi kabla sijapata moyo wa kumwambia mjomba habari za dada. Nilimwomba atuite kikao, atupatanishe yaishe. Aliponiitikia, nilitayarisha hotuba ya kuomba radhi iliyojaa machozi.

Tulikaa watatu wa baba mmoja pale pale karakanani, juu ya mabenchi ya mbao, majembe ya kukokotwa na ng'ombe yakisubiri zamu zao ukutani. Nilimwamkia dada, shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya chini. Nikafungua kinywa kuanza hotuba. Mjomba akaninyooshea mkono.

"Msipatane leo," alisema. "Shikizeni tu."

Akamwuliza dada neno moja, kisha kaka, kisha mimi, akarudi kwa dada. Hakumwacha yeyote amalize yote kwa mpigo. Mpaka jua linatua tulikuwa tumekubaliana mambo matatu madogo: deni lililobaki tutaligawana, mbegu za msimu tutanunua pamoja, na tukishakamua mafuta tutakaa tena. Radhi niliiomba kwa sentensi moja. Dada alitazama chini, akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na mimi sikumvuta aseme.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba upendo wa ndugu huonekana katika neno la mwisho, lile la kufunga shauri. Sasa naamini zaidi katika nukta ndogo za mwanzo: simu ya kuuliza kabla ya kulaumu, ahadi ya msimu mmoja badala ya kiapo cha maisha, ukimya unaompa mwenzako nafasi ya kusogea kidogo akae sawa. Nukta hizo hazionekani kazi ikishaisha, maana mshono mkubwa huzifunika. Lakini bila hizo, kadiri moto wako ulivyo mkali ndivyo utakavyopinda.

Alizeti zimekwisha kukatwa vichwa, zinaanikwa. Juzi dada alinipigia mwenyewe, akaniuliza magunia mangapi yapelekwe mashineni. Tulizungumza dakika nne, habari za magunia tu. Mafuta yakitoka tutakaa tena, kama tulivyoahidiana, na tutapima.